Kisa cha mama aliyebadilishwa nyonga akabaki kitandani

Assalaam alaykum jamaa. Kisa hichi nakiandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe na wanawe. Jina silitaji na kijiji sikitaji, itoshe kujua ni mama wa miaka 61, mkaazi wa upande wa Wete huku Pemba, mkulima na mpishi wa maandazi, kabadilishwa nyonga ya kulia spitali moja Dar, na mie ni mtu wa mazoezi ya viungo niloitwa kwenda kumuona nyumbani mwezi wa nne baada ya operesheni. Nakiandika kirefu kwa sababu watu wetu wanachanga pesa, wanauza ng'ombe, wanavuka bahari, operesheni inakwenda vizuri, kisha wanarudi nyumbani na hapo ndo mambo yanakwama. Na hayakwami kwa ubaya wa nyonga. Yanakwama kwa kuwa mtu kaambiwa asifanye hili na lile na hajaambiwa mpaka lini, na kwa kuwa maisha yetu yote yako chini: mkeka chini, jiko chini, mbuzi ya kukunia nazi chini, choo cha kuchutama.

Kwanza historia yake. Alianza kuumwa zamani na kila mtu akijua anaumwa goti, akichuliwa goti, akinunuliwa dawa za goti, mana maumivu ya nyonga mara nyingi yanashukia kinenani na mbele ya paja mpaka kwenye goti, mgonjwa anakuonesha goti na wewe unalitazama goti. Picha ya nyonga ilipokuja kupigwa gegedu ilikuwa imeshakwisha, mfupa unasaga mfupa. Mpaka anapelekwa Dar alikuwa hawezi kuvaa kiatu mwenyewe, usiku halali, na mguu umeshajikunja kidogo kwenye kinena haunyooki vizuri. Hili la kujikunja lishikeni, tutalirudia.

Operesheni ikafanyika salama. Akakaa Dar kwa jamaa mpaka nyuzi zikatolewa, akapandishwa boti akarudi, na mkononi ana karatasi ya Kiingereza. Mjukuu wake anaesoma skuli akamsomea: usikunje nyonga kupita digrii 90, usikalie kiti kifupi, usipishanishe miguu, usiuzungushe mguu kwa ndani, usiiname kuokota kitu. Basi. Karatasi nimeiona kwa macho yangu, haina mahali palipoandikwa wiki sita wala miezi mitatu wala "mpaka uonane na daktari". Na ile siku ya kurudi kuangaliwa hakwenda, nauli ya watu wawili kwenda Dar na kurudi si mchezo, na mwenyewe anaiogopa boti na mguu ule.

Sasa mama huyu ni mtu wa kutii. Akaambiwa usiiname, hakuinama. Mie namkuta mwezi wa nne kitandani, kaegemea mito, anatembea na woka (fremu ya kushikia wakati wa kutembea) kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, anafanyia haja kwenye ndoo ilowekewa kiti, analetewa chakula, anaoshwa na binti yake. Nlipomuuliza, "Mama, maumivu vipi?" akanambia, "Mwanangu, maumivu hakuna, alhamdulillah, mie naogopa kulichomoa." Hilo ndo jibu lenyewe la kisa hichi. Maumivu hakuna, hofu imejaa.

Nikamuangalia vizuri. Kovu limekauka, safi, halina joto. Muundi haujavimba. Nikamlaza chali akavuta kisigino taratibu kuelekea makalioni, nyonga ikakunjika karibu digrii 90 bila ya taabu. Akanyanyuka ashike nondo za dirisha, nikamwambia asimame kwa mguu wa kulia peke yake: kiuno upande wa kushoto kikadondoka pale pale. Hii ina maana misuli ya pembeni ya nyonga ya kulia, ile inayozuia kiuno kisianguke kila ukinyanyua mguu wa pili, imelegea kabisa. Paja la kulia jembamba kuliko la kushoto, unaliona kwa jicho. Na mabega yanamuuma, kwa sababu uzito wote anautia kwenye woka kwa mikono, miguu haifanyi kazi.

Halafu kandambili. Kandambili ya kushoto ilikuwa imegundishwa soli ya pili chini, mwanawe kaipeleka kwa fundi viatu kwa kuwa mama kalalamika mguu wa kulia umekuwa mrefu baada ya operesheni. Nikampima kwa tepu kutoka mfupa wa kiunoni mpaka kifundo cha ndani, miguu yote miwili, ikatoka sawa. Kilichopinda ni kiuno: miaka yote ile nyonga ilipokuwa imejikunja kiuno kilishazoea kukaa upande, mguu sasa umenyooshwa lakini kiuno bado kiko kule kule, kwa hivo anahisi mguu mrefu. Wagonjwa wengi wanahisi hivi mwanzo na kwa wengi hali hii inaondoka yenyewe miezi inavyokwenda, misuli ikinyooka. Ukimtia soli unampa mwili sababu ya kubaki umepinda. Soli tukaibandua siku ile ile. (Kuna ambao mguu kweli unazidi, hao ni wengine, lakini pima kwanza kabla ya kwenda kwa fundi viatu.)

Kabla ya zoezi lolote jipya nlitaka neno la daktari aliempasua. Tukampigia simu, akasema kapasulia kwa nyuma, na anataka picha. Picha ikapigwa hapa hapa Pemba ikatumwa kwa WhatsApp, akaitazama akasema chuma kimekaa pahala pake, makatazo yale yalikuwa ya miezi mitatu ya mwanzo, aanze kuachia pole pole, ila asichutame kabisa na asikalie vitu vya chini sana. Dakika chache za simu, na mama alikuwa kafungwa kwa karatasi ile tokea arudi.

Hebu nieleze kwa nini makatazo yanawekwa na kwa nini yanakwisha, mana mama mwenyewe alipoelewa hivi ndo alipobadilika. Daktari anaondoa kichwa cha mfupa wa paja kilichochakaa, anatia kikombe kwenye mfupa wa nyonga chenye plastiki ngumu ndani, anatia msumari kwenye paja, juu yake tufe la chuma au la kauri. Tufe linazunguka ndani ya kikombe kama mchi ndani ya kinu. Kinachozuia lisitoke ni misuli na ile ngozi nene inayozunguka kiungo, na ukipasuliwa kwa nyuma hivo vitu vya nyuma vinakatwa na kushonwa. Mpaka vipone, ukikunja sana na kuzungusha mguu kwa ndani, tufe linaweza kusukumwa nje kwa nyuma. Nyonga nyingi zinazochomoka mapema zinachomoka ndani ya miezi mitatu hiyo. Nyama zikishashika hatari inapungua sana, haiondoki yote lakini inapungua. Aliepasuliwa kwa mbele makatazo yake ni mengine, yeye anaambiwa asiupeleke mguu nyuma sana huku kaugeuza nje, na madaktari wengine siku hizi makatazo wameyapunguza kabisa. Kwa hivo usichukue karatasi ya jirani ukaifata, muulize alokupasua wewe: umepasua wapi, na mpaka lini.

Hofu yake ya pili ilikuwa kwamba akitembea sana ataimaliza, chuma kitalika. Nikamwambia, mama, operesheni hii si ya kujaribia watu, John Charnley wa Uingereza aliiweka kwenye mstari tangu mwaka 1962 na tufe lake dogo na kikombe cha plastiki, na nyonga hizi zaidi ya nusu zinafika miaka 25. Ukikaa kitandani kuilinda unapoteza misuli, misuli ikienda ndo unaanguka, na kuanguka ndo kunakoivunja. Akanyamaza akasema, "Basi nambie nianze wapi."

Nlimuuliza anataka kurudi kufanya nini, sikumpa mazoezi kwanza. Akataja vitu vyake bila ya kufikiri: kwenda chooni mwenyewe, kusali na kusujudu, kukuna nazi na kupika, kupanda gari kwenda mjini Chake Chake, na msimu ukija akae na wenziwe kuchambua karafuu. Nikayaandika, na mazoezi yote tuliyofanya yalitoka humo. Mie naamini hivi kwa dhati: ukimwambia mama wa Pemba anyanyue mguu mara kumi asubuhi na jioni hatokataa, atakuitikia vizuri, na ukiondoka hafanyi. Ukimwambia hichi ndo kitakachokutoa kwenye ndoo kikupeleke chooni, anafanya mpaka unamwambia apumzike.

Tulianza na kunyanyuka kwenye kiti. Viti vya plastiki vyenye mikono vile vya harusini, ukivipandanisha kila kimoja kinaongeza vidole kadhaa vya urefu, basi tukapandanisha vinne, tukaviegemeza ukutani visiteleze. Anakaa, anavuta makalio mbele, mguu wa kulia anautanguliza kidogo, anasukuma mikono ya kiti, anasimama. Mwanzo anasukuma kwa mikono tu, mabega yanatetemeka, na uso unageukia kwa binti yake kuomba msaada, na binti nishamwambia asimsogelee. Alipoweza kusimama kwa mkono mmoja tukatoa kiti kimoja. Alipoweza bila ya mikono tukatoa chengine. Alikuwa akivihesabu mwenyewe viti, na wajukuu wakivihesabu, wageni wakija wanaambiwa bibi saivi yuko viti viwili. Kiti kimoja kitupu kilimchukua muda kuliko vyote, na sikumharakisha, hapo ndo misuli ya paja na makalio inajengeka kweli.

Pembeni ya hilo, kushika nondo za dirisha na kuutoa mguu wa kulia pembeni, vidole vya mguu vikitazama mbele visigeuke nje. Kisha kinyume chake, kusimama kwa mguu wa kulia na kuutoa wa kushoto, ambalo ni gumu zaidi na lina faida zaidi. Kisha kutembea upande upande kando ya ukuta wa ukumbini. Haya ndo yaliomuondoshea kuchechemea.

Bakora ilileta mjadala nyumbani. Mzee wake anasema ishikwe upande wa mguu mbovu ndo unapotaka nguzo, na karibu watu wote wanafanya hivo. Lakini bakora ishikwe mkono wa pili, kwa huyu mama mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Ukiukanyaga mguu wa kulia kiuno kinataka kudondoka upande wa kushoto, kwa hivo nguzo inatakiwa kushoto. Ukiishika kulia unajilalia upande mbovu na kuchechemea kunazidi. Nlimwambia mzee amtazame akitembea namna zote mbili, akatazama, akaenda mwenyewe kuikata bakora kwa kipimo, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono akisimama wima.

Ngazi za mlango wa uani ni tatu na hazina kitu cha kushika. Kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza bakora na mguu ulopasuliwa, ule mguu mzima ndo unaoubeba mwili kila mara. Fundi akachimbia nguzo mbili na kuzipigilia mbao ya kushika. Mkeka wa mlangoni ulioanza kufumuka ukaondolewa, na taa ikawekwa ya kwenda chooni usiku.

Choo ndo kilitaka akili. Cha kukalia hawana na maji ya mfereji yanakuja na kukatika. Seremala akatengeneza kiti cha mbao chenye miguu minne na tundu katikati, kinakaa juu ya shimo la choo cha kuchutama, urefu kapimiwa mama mwenyewe akikaa magoti yawe chini kidogo ya nyonga, na mikono ya kushikia pembeni. Wengine wanakitoa wakitaka kutumia choo. Likabaki la kujitahirisha, mana ukikaa juu na kopo la kawaida inabidi ujipinde na kujizungusha, na kule ndo kulikokatazwa. Binti akaleta kata ya kifuu yenye mpini mrefu, ile ya zamani ya mtungini, na ikamaliza kazi. Siku alokwenda chooni peke yake na kurudi, ndo siku ilotuonesha sote kwamba huyu anapona.

Kuna jambo nataka niseme kwa ukali kidogo. Wiki za mwanzo jamaa walimuita mkandaji, kaja na mafuta yake, anataka kuuvuta mguu "urudi". Mama alikataa kuvutwa na kakubali kusingwa muundi tu. Alisalimika, lakini jamani hapana. Kuvuta na kuzungusha mguu wa nyonga mpya ndani ya miezi ile mitatu ni kuitafuta ichomoke, na kuukanda muundi uliovimba pia ni hatari, kwa sababu baada ya operesheni hii damu inaweza kuganda kwenye mshipa, na bonge likihama linakwenda mapafuni. Ndo mana mgonjwa anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa nyonga mara nyingi hufika siku 35, asiikatishe kwa kuwa anajihisi mzima. Muundi ukivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla na kifua kikauma, ni spitali saa hiyo hiyo, usiku usiku. Na hivo hivo kovu likianza kutoa maji au usaha na homa, na hivo hivo ukisikia maumivu makali ya ghafla, mguu ukawa mfupi na umegeuka, huwezi kuukanyaga: hiyo imechomoka, usivutwe na mtu yeyote nyumbani.

Kusali. Hapa palikuwa na machozi. Mama huyu kusujudu kumemkaa moyoni na akihisi swala ya kiti imepungua. Sheikh wa msikiti wao akaja akamkumbusha hadithi ya Imran bin Husayn, Mtume (SAW) alimwambia asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu, na sheikh mwenyewe akamwambia mama kwamba aliepewa ruhusa haijapungua swala yake. Saivi anasimama kisimamo chote, anarukuu kwa kuinama, na sujudu na atahiyatu anafanya kwenye kiti. Kushuka chini tumemfundisha kwa ajili ya dharura tu, akianguka ajue kunyanyuka: kushika kiti, mguu wa kulia unarudi nyuma, goti la kulia linagusa chini kwanza, kisha la kushoto, na kunyanyuka mguu wa kushoto ndo unaotangulia mbele. Anaweza, na binti yuko karibu. Lakini kukalia mguu na kuuzungusha kwa ndani kila siku mara tano, daktari wake kasema hapana, na mie niko pamoja nae.

Mbuzi nayo sikumrudishia. Ukikalia mbuzi magoti yanapanda mpaka kifuani, kisha unainama mbele ukikuna, hapo unafanya kila kitu kilichokatazwa kwa pamoja, na unafanya kwa nguvu. Seremala yule yule akaufungua ule upanga wa mbuzi, akaufunga kwa skurubu kwenye ncha ya benchi refu la urefu wa kiti, bakuli likawekwa juu ya stuli chini yake. Mama anakaa ubavuni mwa benchi miguu kaitanua, anakuna nazi mbili za wali wa mchana bila ya kuinama. Jiko la mkaa likanyanyuliwa juu ya matofali mpaka usawa wa kiuno. Wenye nyumba walicheka mwanzo, sasa na wao wanapikia hapo hapo, migongo imepumzika.

Gari za abiria zetu zile za kuingilia nyuma umeinama, zenye mabenchi, hazimfai bado. Anakaa mbele kando ya dereva, au teksi kwa siku ya kliniki: kiti kinarudishwa nyuma, anaanza kukalisha makalio, kisha anaizungusha miguu yote miwili pamoja, na juu ya kiti ametandika kipande cha buibui la zamani ili ateleze asijipinde.

Hali ilivyo leo, mwezi wa nane tokea operesheni: anatembea na bakora nje, ndani bila ya kitu. Akichoka jioni bado kuchechemea kidogo kunarudi, na mazoezi ya dirishani anaendelea nayo. Mguu mrefu hausikii tena. Maandazi anapika kwa kusimama na kukaa, na asubuhi anayapeleka dukani mwenyewe. Msimu wa karafuu alichambua kwenye meza, karafuu kushoto makonyo kulia, wenziwe kwenye jamvi na yeye juu ya benchi, akilalamika tu kwamba anakosa umbea wa chini. Picha ya mwaka mmoja itapigwa Chake inshallah na kutumwa kwa daktari, na ile karatasi ya Kiingereza binti ameiandika upya kwa Kiswahili, kila katazo na mwisho wake, kaibandika nyuma ya mlango wa chumba.